Chungu cha Mama Mwanjaa

"Mkimbilia gulio la kesho hukuta vibanda vitupu." Mmeisikia leo kwa fundi cherehani, mkaja mbio kuniuliza asili yake. Kaeni basi. Na wewe Kiluwa, toa mguu mlangoni. Hadithi haitakufuata nje. Methali hii ilianza hivi.

Huku milimani Usambara kulikuwa na miji minne midogo iliyopokezana gulio: Jumatatu Kweshembe, Jumanne Mvungwe, Jumatano Kitundwi, Alhamisi Malungui. Wachuuzi walihama na mizigo yao, mji kwa mji. Hata mtoto alilijua hilo.

Mbelwa naye alilijua, ila miguu yake haikulijua. Huyu alikuwa kijana ambaye hata uji aliunywa amesimama. Alikuwa amemposa Mwanjaa, na nyumba ya akina Mwanjaa ilikuwa na desturi yake: mchumba huleta chungu kikubwa, mama mtu akakijaza maji mbele ya wajomba. Kisipovuja, harusi. Kikivuja, au kisipofika, kila mtu kwao. Mbelwa alipewa mpaka Ijumaa.

Jumatatu, pale Kweshembe, mfinyanzi Mama Hoza alikuwa na chungu kimoja chenye tumbo pana. Mbelwa akakigonga kwa kidole. Kikalia kama kengele.

"Chukua, mwanangu. Hiki hakina mwenzake."

"Kizuri, mama. Ila ngoja kwanza nikaone vya Mvungwe."

"Vya Mvungwe ni mimi huyu huyu, kesho!"

Lakini Mbelwa alikuwa keshakata kona.

Mvungwe alifika jioni ile ile. Mji mzuri, njia za mawe, mipeasi ikichungulia juu ya kuta. Vibandani mlikuwa na mbuzi wawili, wamelala. Mwingine angejilaza hapo akasubiri asubuhi. Mbelwa akasema mji huu umekufa. Kabla jogoo hajawika, huyo, kashika njia. Kitundwi akakuta mto safi, daraja la mbao na vibanda vitupu. Usingizi haukumkaa, alfajiri akaondoka. Malungui akakuta ukungu, harufu ya majani ya chai, na vibanda vitupu.

"Milima hii haina wafinyanzi!" akawalalamikia kunguru.

Alhamisi, hata hakujapambazuka vizuri, akageuza kurudi Kweshembe. Mteremkoni akakutana na wachuuzi wote wanapanda, mizigo kichwani, Mama Hoza mbele.

"Mama, chungu changu kiko wapi?"

"Chako? Kimenunuliwa jana, Kitundwi. Vilivyobaki ni vibakuli."

"Kitundwi nilikuwepo!"

"Lini?"

"Juzi."

Wachuuzi walicheka mpaka vitunguu vikawaporomoka.

"Mwanangu," akasema Mama Hoza, akijifuta machozi, "siku zote hizi umetutangulia kama mbwa anayeongoza msafara wa harusi. Ungekaa tu juu ya jiwe, tungekufikia."

Ijumaa, Mbelwa akaingia kwa akina Mwanjaa mikono mitupu. Wajomba walikuwa wamekaa. Katikati ya ua kilikuwepo chungu kile kile, kimejaa maji hadi mdomoni, hakitoi hata tone.

"Nilikwenda Kitundwi Jumatano kuuza maharage," akasema mama yake Mwanjaa. "Nikakiona, nikakipenda. Kwa hiyo, baba, chungu ninacho. Kilichokosekana ni mkwe."

Mbelwa akageuka kumtazama Mwanjaa. Mwanjaa alichota maji kwa kata kutoka kwenye chungu kile, akamletea kwa mikono miwili.

"Kunywa," akamwambia, "kisha uende. Najua kukaa huwezi."

Akanywa. Amesimama.

Tangu siku hiyo, kila amwonaye mtu anayeacha kilicho mkononi akafuata cha mbele humwambia maneno haya. Kiluwa, vua viatu. Mkimbilia gulio la kesho hukuta vibanda vitupu.