Mzee Aliyebomoa Ukuta Siku ya Posa

Wapendwa, ukimkuta jirani yako ameshika nyundo anabomoa nyumba yake mwenyewe, utamwambia nini? Wewe hapo mbele mwenye miwani, usimtazame mwenzako, jibu wewe. Najua mtakachosema. Mtasema, "Pole na kazi, mzee," halafu mtapita zenu.

Kulikuwa na mzee mmoja mstaafu, mtu wa heshima zake. Nyumba yake ya matofali ya kuchoma aliijenga kwa awamu, chumba kwa chumba, kama tunavyojenga sote. Tatizo lilikuwa sebule. Ukishaingiza kochi na meza, wageni wanasalimiana kwa magoti. Sasa ikaja taarifa kwamba Jumamosi, saa nane mchana, wakwe wataleta barua ya posa ya binti yake. Watu kumi na wanane, Koasta nzima. Mzee akatazama sebule yake, akaiona aibu inakuja na matairi sita.

Huyo binti alikuwa na digrii ya ujenzi. Alikuwa na miaka minne nyumbani, anatuma CV, anajibiwa "we will get back to you". Mpaka leo hawajarudi. Labda walipotea njia.

Mzee akakutana na video kwenye simu. Mzungu mmoja mwenye kofia ya njano anapiga ukuta pigo moja tu, mkewe anapiga makofi, na mara hiyo sebule na jiko vimekuwa kitu kimoja, open plan, safi kabisa. Mzee hakujua kwamba ukuta wa yule bwana ulikuwa mbao na gipsam. Wa kwake ulikuwa tofali la kuchoma, na juu yake zililala kenchi zote za paa. Jumamosi asubuhi akaazima nyundo kubwa, akavua shati, akaanza.

Binti akaamshwa na kishindo. Akatoka amejifunga khanga, na badala ya kuitazama nyundo akatazama juu.

"Shikamoo baba. Huu ukuta ndio umebeba paa. Tukitaka kuutoa, kwanza tusimamishe nguzo za mirunda chini ya kenchi, tumwage linta ya zege, ikae wiki tatu."

"Marahaba. Na hizo wiki tatu wakwe wakae wapi, juu ya bati?"

"Leo wakae nje, baba, tufunge turubai."

"Mwanangu, wewe umeshajenga hata banda la kuku?"

Mmelisikia hilo swali? Anaulizwa experience na watu walewale waliomnyima saiti ya kufanyia kazi. Seriously, wapendwa, experience inauzwa duka gani tukanunue?

Kwa desturi ya kwao, binti anayeposwa haonekani mpaka aitwe. Mzee akamkumbusha hilo, akamwelekeza chumba cha ndani kwa shangazi zake, akajipake mafuta. Binti akaenda.

Mzee akaendelea kupiga. Watu wakapita. Mjumbe akachungulia mlangoni, akasema pole na kazi. Jirani akasema hongera, baba mkwe. Akapita fundi mmoja wa zamani, mtu aliyeezeka nusu ya mtaa ule. Akaona. Akajua. Akakuna kichwa, akasema Mungu akutie nguvu, kisha akaharakisha kidogo. Alipoulizwa baadaye, alisema mtu mzima hafundishwi ndani ya nyumba yake. Hata mchungaji wa pale alipita, na tafadhali, simsemi huyu wetu. Aliibariki nyundo.

Saa nane kasoro, kipande cha mwisho cha ukuta kikaanguka. Paa halikuanguka. Lilisema tu, kwa sauti nyembamba, "kwiii", likashuka kiasi cha kiganja. Mzee akanyakua mwimo wa mlango wa zamani, akausimamisha chini ya kenchi, akaukumbatia kwa nguvu zake zote. Akagundua jambo moja baya: akiuachia, nyumba imekwenda, na mkewe na wale wanawake wa chumba cha ndani wamo humohumo.

Hapo ndipo Koasta ikapiga honi.

Mshenga akaingia wa kwanza, suti imenyooka, barua ameibeba kwa mikono miwili. Alikuwa amekariri maneno yake wiki nzima. Akamkuta mwenyeji wake yuko kifua wazi, mweupe kwa vumbi la plasta kama andazi kabla ya kukaangwa, amekumbatia mti. Lakini mshenga ni mshenga. Akakohoa, akaanza kusema kwamba wamepita njiani wakaona ua zuri katika bustani hii.

"Ua baadaye, ndugu yangu," mzee akasema. "Nishikie hapa."

Mlango wa ndani ukafunguka. Binti akatoka na kitenge chake kipya, mafuta yanang'aa, shangazi wawili wanamvuta nyuma wakimwambia ataleta mkosi. Hakugeuka. Akauliza nani ana jeki kwenye gari. Dereva wa Koasta akakimbia. Akawatuma wanaume sita wakang'oe nguzo za uzio wa ng'ombe. Akamwambia mama mkwe wake mtarajiwa, kwa adabu zote, samahani mama, sogea, hapo uliposimama ndipo bati litakapotua. Jeki ikasimamishiwa kipande cha nguzo juu yake hadi kwenye kenchi, na baba mkwe mtarajiwa akapewa mpini, akapiga magoti na tai yake.

"Polepole, baba. Nikisema simama, unasimama."

Na baba mkwe wa watu akasimamisha jeki kila alipoambiwa. Paa likapanda, kidole kwa kidole. Nguzo ya kwanza ikaingia, ya pili, mpaka ya sita. Binti akazigonga moja moja, akasikiliza, akamwambia baba yake sasa achia. Mzee akaachia. Nyumba ikakaa.

 Mzee akamtazama mwanawe.

"Haya yote ulikuwa unayajua?"

"Nilikwambia saa mbili asubuhi, baba."

Mzee akacheka mpaka akakaa chini kwenye kifusi, na Koasta nzima ikacheka naye. Vigelegele vikapigwa. Barua ikasomwa katikati ya nguzo sita, wali ukaliwa na vumbi lake, na watu wakacheza wakizunguka zile nguzo mpaka bibi harusi mtarajiwa akakataza kuziegemea.

Basi, sisi. Msianze kutafuta mzee ni nani humu ndani. "Pole na kazi" ni salamu nzuri, mama yangu alinifundisha, lakini salamu si ushauri. Tumeipita mikosi mingapi kwa adabu? Na vijana wenzangu, msinipigie makofi. Yule binti alisema mara moja tu, akajibiwa vibaya, akaenda kujipaka mafuta. Tunajua, tunanuna, tunanyamaza, halafu tunajiita wanyonge. Mungu ameshaweka maarifa humu nyumbani mwake. Kwa rehema zake paa lililia kabla ya kuanguka, na kwa hilo tuna haki ya kuimba. Lakini nani kati yenu ameahidiwa kwamba litalia kila mara?

Wazee wa kamati ya ujenzi, sasa nawageukia ninyi, kwa heshima. Tangazo namba nne la leo linasema Jumamosi tuje kila mtu na nyundo yake, tubomoe ukuta wa upande wa kwaya tupanue kanisa. Katika usharika huu wapo wahitimu wawili wa ujenzi, na mimi nimewauliza: hakuna aliyeitwa. Waiteni kabla ya Jumamosi. Waonyesheni ramani, kama ipo. Wakisema ngoja, ngojeni. Na jibu lenu mlisome hapa mbele leo hii, kabla ya baraka, kila mtu akisikia.