Ua Ndani ya Ua

Hapo zamani, katika mji wa Mirongoni, alikuwako fukara mmoja jina lake Pandu, aliyekaa na mkewe Mize katika kibanda cha udongo nyuma ya bustani ya Sultani. Nyasi za paa lao zilikuwa zimeoza hata zikageuka mboji, na mvua iliponyesha Mize alipanga vyungu sakafuni, wakalala wamejikunyata katikati yake. Watu wa mji walimwita Pandu punguani, kwa kuwa neno aliloambiwa alilichukua kama lilivyo. Siku moja tajiri alimwambia, "Nishikie punda wangu kidogo," naye akamshika kidogo, kwa ncha ya mkia, hata punda akaenda zake.

Basi katika nchi ile kulikuwa na ua liitwalo zinduka. Lilikuwa la manjano, la mviringo, lenye vijani vyembamba vilivyozunguka kitovu kama miali ya jua. Lilifumba magharibi na kuzinduka asubuhi, ndiyo maana ya jina lake. Halikuota popote ila juu ya mwamba mmoja, na Sultani Zaharani alipoliona akataka liwe lake peke yake, akaamuru yote yahamishiwe bustanini. Mengi yalikufa njiani, maana zinduka halivumilii mzizi wake kuguswa. Machache yakashika, na Waziri akapiga mbiu: "Kila kilichomo ndani ya ua wa Sultani ni cha Sultani, naye ndiye mlishaji wake na mtunzaji wake. Atakayeonekana na zinduka nje ya ua huo ni mwizi."

Ikawa mwaka mmoja masika yalizidi, mazinduka yote ya bustani yakaoza, na Sultani akahuzunika hata chakula kikamshinda. Mvua ilipokatika, Mize alitoka nje asubuhi, akainua macho, akasimama pale pale.

"Mume wangu," akasema polepole, "njoo uone tulichoteremshiwa."

Pandu akatoka. Juu ya paa zinduka lilikuwa limefunuka, linalitazama jua. Mbegu za ua lile zina manyoya mepesi kama sufi, na upepo ulikuwa umeivusha moja nje ya bustani, mboji ya paa ikaipokea.

"Panda uling'oe kabla halijaonekana," Mize akasema.

Pandu akapanda, akanyoosha mkono. Nyuki alikuwa amejilaza katikati ya ua, mwili wote umejaa unga wa manjano, wala hakushughulika na mtu. Pandu akautazama mkono wake, kisha akaurudisha.

"Siwezi," akasema. "Huenda hili ndilo lililobaki peke yake duniani."

"Na sisi je, tuko wangapi?" Mize akauliza.

Kabla hajashuka, askari wa bustani alikuwa amekwisha kuona, na adhuhuri haijafika Pandu alikuwa amesimama mbele ya Sultani.

"Pandu," akasema Sultani, "ua langu linafanya nini juu ya paa lako?"

"Linaota, bwana wangu."

Watu barazani wakaficha vicheko vyao kwa vilemba. Waziri hakucheka. "Huyu ni mwizi," akasema, "na mwizi hufukuzwa mjini."

"Sikuliita," akasema Pandu. "Lilikuja lenyewe, wala halikupiga hodi."

Sultani hakuwa mtu katili, lakini mapenzi ya ua lile yalikuwa yamemtia upofu. Akamwita Mzee Songoro, mkuu wa bustani, akamwuliza kama laweza kuhamishwa.

"Likiguswa mzizi, bwana wangu, jioni halifiki," akajibu Songoro.

Waziri akainama akamnong'oneza Sultani sikioni, na Sultani akatamka: "Sikiliza hukumu. Kabla ya swala ya Ijumaa, ua lile liwe ndani ya ua wangu, likiwa zima na hai, mzizi wake haujaguswa. Ukiweza umesamehewa. Usipoweza, wewe na mkeo mtatoka Mirongoni, wala msirudi."

Pandu akamfikiria mkewe. Mize alizaliwa mji ule, na wazazi wake walizikwa pale. Akasema kwa unyonge, "Nimesikia, bwana wangu. Naomba basi Mzee Songoro na watu wake wanisaidie, na ruhusa ya kutumia vitu vya bustani."

"Tumia chochote utakacho," akasema Sultani, na Waziri akatabasamu.

Pandu alipofika nyumbani alimkuta mkewe anafunga mkeka na vyungu, machozi yanamtiririka. Akaketi kizingitini, akawa anarudiarudia maneno ya hukumu kama mtoto wa chuoni. Ua liwe ndani ya ua. Ua ndani ya ua. Hata akainuka ghafla.

"Mize," akasema, "mgonjwa asiyeweza kwenda kwa mganga hufanyaje?"

"Mganga humwendea," akajibu Mize, bila kuinua kichwa.

"Basi fungua mkeka."

Akaondoka mbio kwa Mzee Songoro. Yule mzee alipoelezwa aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika, kumbe anacheka. Wakaenda na watu wa bustani upande wa nyuma, wakazing'oa nguzo za mikoko na makuti yaliyosukwa, wakazisimika upya. Ua ukavuka uwanja wa jalala, ukakizunguka kibanda cha Pandu, ukarudi kukutana na mwenziwe upande wa pili. Kule juu zinduka likafumba machweo na kuzinduka asubuhi, wala halikujua kwamba limehama.

Ijumaa Sultani akaja pamoja na Waziri na wazee wa mji. Akaingia kwa lango la bustani, akapita michungwa, akapita tausi wake na paa wake wenye pembe, akaendelea kutembea pasipo kukutana na mwisho, hata akajikuta mbele ya kibanda kilichoinama upande, na mwanamke ameketi mlangoni anachambua mchicha.

"Bwana wangu," akasema Pandu, "ua lile ndilo lile, nao ua ni wako. Mzizi haujaguswa."

"Huu ni udanganyifu," akasema Waziri. "Aliambiwa alilete ua bustanini."

Sultani akatafakari. "La," akasema. "Nilimwambia liwe ndani ya ua wangu, nami nalitazama likiwa ndani." Midomo ikaanza kumcheza. "Lakini Pandu, sasa kibanda chako kimo bustanini mwangu."

"Kimo, bwana wangu, na hapo ndipo nilipo na ombi. Mbiu ilisema kilichomo humu hulishwa na kutunzwa na Sultani. Paa wako kule wanakula na kunywa kila siku. Paa langu hili nalo hunywa, tena hunywa sana, ila halina tumbo la kuyaweka maji, hututemea sisi."

Sultani akaangua kicheko, akacheka hata akashika nguzo ya ua asianguke, na wazee wakacheka naye. Akaamuru Pandu na Mize wajengewe nyumba mpya kando ya kibanda, chakula chao kitoke jikoni kwake, na kibanda kiachwe vivyo hivyo kiwe tuta la zinduka, Pandu akiwa mlinzi wake.

"Na likizaa mbegu zikaruka tena?" Waziri akauliza kwa hasira. "Tutahamisha ua kila mwaka?"

"Tutahamisha," akasema Sultani, akijifuta machozi. "Popote litakapoota ndipo bustani yangu, na wenyeji wa hapo watalishwa kama Pandu."

Habari hiyo ikaenea mji mzima kabla ya swala. Msimu wa upepo ulipofika na manyoya meupe yakaanza kupaa, watu wa Mirongoni walitandaza mboji juu ya mapaa yao, wakaketi uani wakitazama angani kwa matumaini. Ni Waziri peke yake, mwenye nyumba ya ghorofa na mlango wa nakshi, asiyetaka nyumba yake iwe ya Sultani, aliyeonekana juu ya paa lake asubuhi na jioni, kilemba kimemlegea, akifagia.