Kijiti cha Chiriku

— Ngano, ngano!
— Ije tuione!
— Itue wapi?
— Palipo salama!
— Tamu au chungu?
— Onja wewe kwanza!

Basi sogeeni karibu, na mwoga amshike mwenzake mkono.

Alikuwako Chiriku, ndege mdogo mwenye maneno mengi. Siku hiyo maneno yalimwishia, maana Fisi alikuwa amemnasa na kumtia kwenye tundu la fito. Fisi akamtazama, mate yakimdondoka, to, to, to.

"Mpwa wangu," akasema Fisi, "umekonda mno. Nitakulisha siku nne. Ya tano nitakula nawe."

"Utakula nami, mjomba, au utanila?"

"Tutajua siku ikifika."

Moyo wa Chiriku ukadunda, du, du, du, hata manyoya ya kifuani yakatikisika. Na kulikuwa na hofu nyingine. Tundu halikuwa na kijiti cha kutulia, na Fisi alijua mifupa, miti hakuijua. Ndege naye hatui tu, hutafuna hapohapo alipotua. Kijiti chenye sumu kingemuua kabla ya Fisi.

"Mjomba, ndege asiye na kijiti hanenepi," akasema. "Lakini kwetu kuna desturi. Mwenye nyumba hukimenya kijiti kwa meno yake mwenyewe, ndipo mgeni akatua. Ng'ata, menya, nipe nitue."

Siku ya kwanza Fisi akavuka kijito, akaleta tawi la mpera. Akang'ata, kra! Akamenya, kra! Chiriku akamkodolea macho: ataanguka? Hakuanguka. Chiriku akatua.

Usiku kucha alikitafuna kijiti kwa woga, kikaisha. Siku ya pili Fisi akavuka kijito, akaleta tawi la mkwaju. Akang'ata, kra! Akamenya, kra! Ataanguka? Hakuanguka. Chiriku akatua.

Siku ya tatu mvua ikanyesha. Fisi akaona uvivu, akakata tawi kwenye ua wa nyumba yake, ua wa minyaa. Tawi likavuja utomvu mweupe, to, to, to. Chiriku alipouona, akajibana pembeni mwa tundu. Utomvu wa mnyaa huunguza kinywa na kupofusha macho. Kwao kila kinda hulijua hilo kabla ya kuota manyoya.

"Leo hakuna desturi!" Fisi akafoka. "Nimelowa, nimechoka. Tua, au nikule sasa hivi!"

Akitua, atakufa. Asipotua, ataliwa. Chiriku akajitia furaha.

"Ahsante, mjomba! Kumbe umeniletea mti wa maziwa! Nipe upesi, wala usilambe. Maziwa hayo ni yetu ndege peke yetu."

"Maziwa?" Fisi akasita. "Yatoke kwenye ua wangu, kisha ninyimwe mimi?"

"Basi tone moja tu, mjomba! Usiyamalize!"

Weee! Fisi akang'ata, kra! Akafyonza, fyu, fyu! Akalamba, chwa, chwa, mpaka maziwa yakamrukia usoni.

"Uuuwi! Kinywa changu! Macho yangu! Mpwa wangu, sioni! Maji yako wapi?"

"Nifungulie nikuongoze."

Fisi akapapasa, akafungua mlango. Lakini fisi ni fisi: akaweka kinywa palepale mlangoni, wazi, akisubiri. Chiriku akayaona yale meno. Akafumba macho, akaruka, akapita kando ya jino. Kap! Manyoya ya mkia yakabaki kinywani mwa Fisi.

"Maji, mpwa wangu! Yako wapi?"

"Huko kijitoni, njia ya mpera, mjomba, ulikoona uvivu kwenda!"

Na mpaka leo Chiriku akitua tawini huinuka, akatua tena, akainuka. Hofu ile haijamtoka.

Basi, wanangu, funzo la ngano hii ni kwamba uchoyo ni mbaya. Ukiwa na maziwa matamu, usimnyime mwenye nguvu. Mwachie anywe yote.

Ngano yangu imetua. Anayeitaka aimenye ganda kwanza.