Bi Kalunde na Matanga ya Ziwa

Paukwa!

—Pakawa!

Hiyo ni pakawa au mnapiga miayo? Paukwa!

—Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kabla babu zenu hawajaanza kujisifu, palikuwa na kijiji kando ya ziwa. Maji yake yalikuwa maangavu, kokoto za chini unaziona. Na wanakijiji walilipenda ziwa lao, tena sana. Walilipenda hivi: Shigela, mwamba ngozi, aliloweka humo ngozi zake, na manyoya humo, na magome humo. Vijana walitwanga utupa, ile sumu ya kulewesha samaki, wakamwaga. Samaki wakubwa wakaokotwa, wadogo wakaachwa waoze kwa amani. Naye Mtemi Masanilo, mwenye kijiji na mwenye tumbo, aliwaingiza ng'ombe wake majini wanywe, na ng'ombe, wanyama wenye shukrani, walichokunywa kwa mbele wakakirudisha kwa nyuma. Upendo ulioje!

Maji yakawa ya kijani. Yakanuka. Watoto wakaanza kuharisha.

Msidhani Mtemi alikaa kimya. Aliitisha baraza. Mbuzi akachinjwa, maana baraza bila mbuzi ni umbea. Wakala. Wakanywa. Wakasimama wakasema, "Ziwa litunzwe!"

"Na nani?"

"Na wote!"

Wakapiga makofi, pa pa pa! Wakaenda zao. Na utumbo wa mbuzi wakautupa wapi?

—Ziwani!

Ziwani. Mwezi ulipoandama, baraza jingine. Mbuzi mwingine. Utumbo mwingine. Kijiji kizima kilinenepa kwa kulihurumia ziwa.

Sasa palikuwa na bibi mmoja, Bi Kalunde, aliyeolewa hapo kutoka ukoo wa watani. Watani mnawajua: mtani anakutukana na wewe unacheka. Msiba ukitokea, yeye ndiye mwenye amri. Ataigiza marehemu, atasema nani achimbe kaburi na nani apike, na matanga hayaanuliwi mpaka aseme yeye. Kumgusa mtani msibani ni kujitafutia mkosi. Hata Mtemi hathubutu.

Bi Kalunde alikuwa na mjukuu, Ndalu, aliyeanza kutembea juzijuzi. Mtoto akaharisha, akaharisha, mpaka akarudi kutambaa. Mama yake, Nkwimba, akaanza kufunga mizigo.

"Mama, mimi nahama," alisema. "Nakwenda kwetu mlimani. Siwezi kumzika mwanangu kwa kungoja watu."

"Jua hili, mgongoni, hatafika, mwanangu. Ningoje kidogo."

"Nikungoje, au niwangoje wao na mbuzi wao?"

Mdomo wa Bi Kalunde ulizoea kunyoa watu bila maji, lakini siku hiyo aliogopa. Alimtazama mtoto, macho yameingia ndani, midomo imekauka, akaogopa hasa. Akachukua mkongojo, ko, ko, ko, hadi kwa Mtemi.

"Mtani wangu, ziwa linaumwa."

"Ziwa ni kubwa, Bi Kalunde," alisema Mtemi. "Tangu lini likalalamika?"

"Kweli, mtani. Maiti hailalamiki."

Mtemi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mjinga akicheka mwacheni amalize.

Asubuhi yake kijiji kikaamshwa na ngoma. Ndu! Ndu! Ndu! Ngoma ya msiba. Bi Kalunde yuko ufukoni, mikono kichwani.

"Uwiii! Jamani, tumefiwa!"

Watu mbio, puku puku puku! "Nani? Nani amekufa?"

"Ziwa! Ziwa letu limetutoka! Uwiii!"

Watu wakaangua kicheko. Huyu mtani huyu! Lakini kicheko kikakatika, maana wazee walikumbuka: kilio kikishapigiwa ngoma hakirudishwi tumboni. Matanga lazima yakaliwe. Na kwenye matanga mwamba ngozi haambi, mvuvi havui, na nyumba ya marehemu haiingiwi ovyo. Nyumba ya marehemu ndiyo ipi? Ndiyo hiyo yenye mawimbi.

Mtemi akafika akihema. "Nani kakuruhusu?"

"Tangu lini mtani akaomba ruhusa ya kulia?"

Mtemi akafungua mdomo ili avunje msiba. Mara wakatokea watu wa kijiji jirani. Walikuwa wamesikia ngoma, wamekuja na rambirambi: majogoo, asali, mtama. Wakauliza kwa adabu, "Mfiwa ni nani, tumpe pole?"

Mtemi akatazama jogoo. Jogoo akamtazama Mtemi. Mdomo uliofunguliwa kuvunja msiba ukasema kitu kingine.

"Mfiwa ni mimi," akasema, sauti ikimtetemeka kwa majonzi. "Ziwa hili ni langu, tangu babu yangu. Wekeni hapa."

Akakaa mkekani. Bi Kalunde akampa pole kwanza, akainama mpaka chini.

Basi wakakaa matanga. Maji ya kunywa yakafuatwa kwenye chemchemi ya mlimani, na kwa kuwa wanawake walikuwa na kazi ya kulia, waliotumwa ni wanaume. Walirudi na mitungi vichwani, shingo zimepinda, wakiuliza kama ni lazima watu wanywe kila siku. Bi Kalunde wa kwanza kumpa alikuwa Ndalu, kidogo kidogo, kwa kijiko cha kibuyu.

Na wote waliobaki wakakaa ufukoni. Siku zote walikuwa wakifika hapo, wanatupa, wanateka, wanakimbia. Sasa wamekaa. Jua linapanda. Harufu inapanda. Nzi, zzzii, zzzii! Huwezi kuondoka, ni msiba. Huwezi kuziba pua, mfiwa yuko pale, utamvunjia heshima. Mfiwa mwenyewe alikuwa amebadilika rangi, tena hakumaliza jogoo wake.

Bi Kalunde akaanza kuigiza. Akajifunga nyasi tumboni, akatembea kwa madaha. "Ziwa ni kubwa!" Watoto wakaitikia, "Kubwa!" "Halilalamiki!" "Halilalamiki!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mtemi naye akacheka, kidogo, kisha kidogo zaidi, kisha basi.

Ndipo Bi Kalunde akazivua nyasi. Akamgeukia Mtemi.

"Mtani wangu, maiti inanuka. Haijaoshwa. Kwa desturi yetu, anayeosha maiti ni nani?"

"Ni mfiwa," akasema mzee mmoja, akitazama miguu yake.

"Mfiwa ni nani?"

Kijiji kizima kikamtazama aliyekula jogoo.

Loo! Mtemi Masanilo akainuka. Akavua mgolole wake mzuri, akaingia majini, chubwi! Akatoa utumbo. Akatoa mafupa. Akatapika, akatoa tena. Shigela alikuwa anacheka pembeni, Bi Kalunde akamwona.

"Wewe si mwamba ngozi? Mwamba ngozi huvutia kwake. Haya, vuta zako!"

Shigela akavuta, vuu! Vijana nao wakaingia. Walioona haya wakaingia, na waliokosa haya wakasukumwa.

Ziwa halikung'aa kesho yake. Hadithi za namna hiyo ziko kwa waongo. Lakini Ndalu alisimama, akayumba, akatembea, na Nkwimba akafungua mizigo. Bi Kalunde alilia siku hiyo, kilio cha kweli, bila ngoma. Kisha akalegeza msiba. Tekeni maji ya kufulia, akasema, vueni kwa mgono, ule mtego wa vijiti. Ila ngozi, ng'ombe na utupa, hapana, mpaka matanga yaanuliwe. Masika ikapita, na nyingine, na kokoto zikaonekana.

Kila mwaka Mtemi alikuja. "Mtani, anua matanga basi. Ziwa limepona."

"Kesho, mtani wangu."

Wakazeeka hivyo. Bi Kalunde alipolala asiweze kuinuka, Mtemi akaja na fimbo yake, akakaa kitandani pake.

"Unatuacha, mtani. Anua matanga."

Bi Kalunde akatabasamu. "Kesho," akasema. Akafa.

Mtemi Masanilo alilia, na safari hii hakuna aliyemletea jogoo. Watani wakaja kumzika dada yao. Baada ya maziko wazee wakawasihi, "Nyie ndio mliobaki. Anueni." Watani wakalitazama ziwa. Wakamtazama Mtemi. Wakasema kwa pamoja, "Kesho."

Na hadi leo kijiji kile kiko msibani, na ziwa liko hai.

Wenye akili walisema: mficha maradhi kilio humfichua. Mimi naongeza: usingoje kufiwa ndipo uoshe.

Hadithi yangu naitua hapa. Anayeitaka aibebe, ila akichoka nayo, asiitupe ziwani.