Zimwi Lililomeza "Wa"

"Unamwita nani 'yamekuja'?" Siwema alilifokea zimwi la mpakani. Sogeeni, wasikilizaji, ngano hii inaanzia kwenye ugomvi.

Siwema alikuwa amekimbia vita na wenzake, mtoto mgongoni. Zimwi hilo, lililolinda lango la mji wa mpakani, lilikuwa limemeza "wa", ile ya kutajia watu, likabakiwa na "ya".

Wenye mji wakauliza kuna nini langoni.

"Yamekuja," likajibu. Wakaona mafuriko, wakaziba lango.

"Yamesambaa." Wakaona magugu, wakanoa majembe.

"Yamerundikana." Wakaona majani makavu, wakatafuta viberiti.

Siwema akahisi mgongo umeelemewa. Akapapasa: mtoto amegeuka gunia, na gunia linalia.

"Umemfanya nini mwanangu?"

"Mimi nasema tu, bibi wee," zimwi likacheka. "Sijamgusa mtu."

Lilipotamka "mtu", gunia likachomoza kidole kimoja, chenye ukucha. Wenye mji waliochungulia langoni wakakiona, wakashusha majembe.

"Kumbe unajua," Siwema akasema. Akaushika mdomo wa zimwi kwa mikono miwili. "Hiyo 'wa' ni yetu. Itapike. Sema wamekuja."