Nyuki wa Mzee Mghanga

"Nyuki mlinzi hupulizwa moshi, hachomwi moto." Mmenisikia nikimwambia jirani hivyo, mkacheka mkidhani nazungumzia asali. Haya, vuteni vigoda. Chimbuko la methali hii si mbali. Ilizaliwa katika shamba la baba yangu, Mzee Mghanga, nami nilikuwepo.

Shamba letu lilipakana na mbuga, huko Taita. Baba alilizungushia waya, akaning'iniza mizinga ya nyuki. Tembo akigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, na jitu zima lile hutimua mbio. Mahindi yetu yaliponea hapo.

Nilipotimiza miaka kumi na tisa, viungo vilinivimba, mashavu yakawa mekundu, jua likawa adui yangu. Wenye midomo wakasema nimelogwa. Daktari akasema ni lupasi: kinga ya mwili wangu, ambayo kazi yake ni kupiga vijidudu, imenidhania mimi mgeni, na sasa inashambulia figo. Akanipa vidonge vya kuituliza, nimeze kila siku.

Baba hakuridhika. "Askari aliyemgeukia mwenye nyumba hatulizwi, anafukuzwa," alisema. Akanunua chupa kwa mwuza dawa mmoja aliyeapa kwamba itafagia kinga yote mwilini. Niinywe jioni, vidonge niache. Niliogopa sana, lakini baba ni baba.

Mchana huo alipita kando ya mizinga na chane ya ndizi mbivu alizoninunulia. Sasa, harufu ya ndizi mbivu hufanana na ile anayoitoa nyuki akiwaita wenzake vitani. Wakamvamia. Alifika uani uso umevimba, akachomoa kijinga cha moto jikoni.

"Naichoma mizinga yote! Nyuki wangu mwenyewe waniume mimi?"

Nilijikokota nikasimama njiani. "Baba, tembo wakija, nani atawazuia?"

"Wamenisaliti hawa!"

"Hawajakusaliti. Wamekosea harufu. Si wewe uliyenifundisha kuwapulizia moshi?"

Alinitazama, kisha akaitazama mikono yangu iliyovimba. Akakitumia kijinga kile kuwasha kinyesi kikavu cha ng'ombe, akaenda kufukiza mpaka nyuki wakarudi mizingani. Aliporejea aliichukua ile chupa, akaimwaga mbele yangu.

"Hii ndiyo moto, mwanangu," alisema. "Vidonge vyako ni moshi. Meza."

Lupasi haikuondoka. Asubuhi nyingine vidole hukataa hata kufunga kifungo. Lakini figo zangu zipo, na nimewazika wengi walionitabiria kaburi.

Basi, Mkamburi, wewe uliyecheka kuliko wenzako, niletee maji na kile kikopo cha vidonge. Saa yake imefika. Nyuki mlinzi hupulizwa moshi, hachomwi moto.