Mhuri wa Daraja la Kwanza

Ziiii-zaa! Ziiii-zaa! Kimya. Ziiii-zaa!

Mmesikia? Usiku huu wote, watu wamelala, mbwa wamelala, na msumeno wa kule machinjioni bado unakata. Haya watoto, sogeeni huku, funikeni miguu, msiangalie dirishani, mimi mwenyewe siangalii. Hadithi imepiga hodi!

"Karibu!"

Nimwulize ni nani?

"Mwulize!"

Anasema ana miguu minne na mkia. Nimfungulie?

"Mfungulie! Tumwone huo mkia!"

Basi hapo zamani, si zamani sana, Fisi alikuwa na machinjio. Machinjio makubwa, kuta nyeupe, na kulabu za chuma zimepangwa juu kwenye reli, nyama inaning'inia humo kama nguo kwenye kamba. Na mwishoni kabisa mwa banda kulikuwa na msumeno wa mifupa. Ziiii-zaa! Hukata mguu wa nyati, zaa! Hukata ubavu wa pofu, zaa! Hukata na kidole cha mtu, zaa vilevile, msumeno haujui kuuliza.

Wafanyakazi walikuwa wanyama wadogo wadogo. Alikuwapo Kicheche, ambaye siku hiyo msumeno ulikuwa umemla vidole vya mkono wa kulia. Na alikuwapo Nguchiro mmoja, jike, mwembamba, mgeni wa kazi, mtoto wake Tindi kamfunga mgongoni. Wenzake walimwita Mama Tindi.

Fisi akaja, tumbo mbele, akatazama damu ya Kicheche sakafuni.

"Nani kamwaga hii?"

"Mimi, bosi," akasema Kicheche. "Ni vidole vyangu."

"Vidole vyako vimegusa nyama?"

"Sijui, bosi. Vilikwenda upesi."

"Mungu wangu, nyama yangu!" Fisi akaikumbatia nyama. "Mama Tindi! Kesho kutwa msumeno ni wako."

"Bosi, mimi nina mtoto mgongoni."

"Vizuri. Atakushikia taa."

Akacheka, kwi-kwi-kwiii, akaenda zake. Mama Tindi akamshika Tindi mikono yote miwili, akaihesabu ile mikono midogo, iko yote, akaihesabu tena. Alikuwa hajui afanye nini. Kukataa kazi, mtoto atakula nini? Kukubali, huyu mtoto anarusha rusha mikono, na msumeno uko hapo hapo begani.

Kesho yake asubuhi akaenda kwenye baraza la Simba. Wakubwa wote walikuwa wamekaa.

"Mtukufu, naomba sheria," akasema.

"Sheria ipo," akasema Simba. "Ile Sheria ya Nyama. Nilipougua tumbo mwaka ule niliitunga mwenyewe. Msomeeni."

Wakamsomea. Nyama iliyopigwa mhuri isiangushwe. Nyama iliyopigwa mhuri ioshwe kwa maji safi. Nyama iliyopigwa mhuri ipumzishwe mahali pa baridi. Nyama iliyopigwa mhuri isikatwe hovyo. Na jike anayenyonyesha asipigwe mhuri kamwe.

"Nzuri sana," akasema Mama Tindi. "Na anayeikata hiyo nyama?"

Wakatazamana.

"Anayeikata amefanyaje?"

"Yeye naye asiangushwe? Aoshwe? Apumzishwe? Asikatwe hovyo?"

"Ahaa! Hiyo ni sheria nyingine," wakasema. "Hiyo ipo njiani. Muswada tumempa Kobe aulete huku. Tangu masika."

"Masika haya?"

"Masika, mama. Wewe subiri."

Mama Tindi akarudi kichwa kinamzunguka. Nyama imekufa, ina sheria. Yeye yuko hai, sheria yake iko mgongoni kwa Kobe. Akaigeuza huku, akaigeuza kule, haikukaa sawa. Nimeigeuza na mimi, nimesoma mpaka kidato cha nne, haikai sawa. Ila alipofika machinjioni akasimama mlangoni, akazitazama zile kulabu, akasema polepole, "Kumbe."

Akawaita wenzake.

"Jamani, daktari wa nyama anakuja saa ngapi?"

Daktari wa nyama alikuwa Tumbusi, yule ndege mla mizoga, shingo tupu, miwani minene, haoni vizuri bali ananusa. Kazi yake kupita kwenye reli na kupiga mhuri wa zambarau kila kinachoning'inia. Pah! Pah! Pah!

"Anakuja sasa hivi," akasema Kicheche. "Kwa nini, dada?"

"Ningʼinieni."

"Tufanyeje?"

"Shikeni kulabu, mning'inie. Msipumue kwa nguvu."

"Dada, mtoto amekunyima usingizi? Umechanganyikiwa?"

"Nimechanganyikiwa, ndiyo. Ningʼinieni tu!"

Wakaning'inia. Kicheche kwa mkono wake mzima, wengine kwa mikia, wengine kwa aproni. Tumbusi akaingia, fsss-fsss, ananusa. Nyati, pah! Pofu, pah! Kicheche, pah! Panya, pah! Karunguyeye, pah! "Hii ina miiba, lakini haya." Akafika kwa Mama Tindi, akanusa, fsss, akanusa tena.

"Hii ina maziwa. Jike anayenyonyesha. Sheria hairuhusu. Shuka!"

Mama Tindi akashuka. Wenzake wote wana mhuri, yeye hana, na wazo lilikuwa lake. Aliumia moyoni, akachukua ufagio.

Fisi akaingia.

"Nyie! Kazini!"

"Haiwezekani, bosi," akasema Kicheche huku akining'inia. "Tuna mhuri. Tuoshwe kwa maji safi."

"Nini?"

"Tupumzishwe mahali pa baridi."

"Nani kasema?"

"Mfalme. Na tusiangushwe, bosi, nishushe taratibu."

Fisi akautazama mhuri. Ni mhuri wa Mfalme kweli, wa zambarau, bado mbichi. Akaogopa. Akachota maji akawaosha mmoja mmoja, akawapeleka chumba cha baridi, wakalala siku nzima. Banda zima akabaki Mama Tindi peke yake, anafagia, anabeba, anakausha damu, Tindi analia mgongoni.

Jioni mkokoteni wa kwa Mfalme ukafika. Tumbusi akasimama getini kukagua mara ya mwisho, maana sheria inasema nyama yenye jeraha au kovu isifike mezani kwa Simba, itupwe nje. Akampapasa Kicheche. "Haina vidole. Imekataliwa!" Pu! Kicheche akatupwa nje ya geti, akasimama, akajifuta vumbi, akaenda nyumbani kwake. Akampapasa Panya. "Ina kovu la kisu. Imekataliwa!" Pu! Panya nyumbani. "Hii imeungua maji ya moto. Imekataliwa!" Pu! Wote walikuwa na makovu, nani amefanya kazi pale akakosa kovu? Wote wakatupwa, wote wakaenda nyumbani, jua bado lipo, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Fisi alisimama anatazama, mdomo wazi.

"Yaani wameoshwa, wamelala, wametupwa nje, wameenda kwao?"

"Ndiyo, bosi," akasema Mama Tindi.

"Nani anakata mifupa sasa?"

Fisi akageuka, akamtazama Mama Tindi, halafu akamtazama Tindi.

"Wewe huna mhuri. Kesho alfajiri, msumeno. Utakata kazi ya wote. Na huyo akilia, naye ana mikono."

Jamani. Mimi sijui kama alikuwa na akili wakati ule au alikuwa na hofu tu, mara nyingine vinafanana. Akasema haraka haraka, maneno yakigongana:

"Sawa bosi, nitakata, nitakata yote, ila nakuonea huruma, bosi. Wale wachafu wanapigwa mhuri wa daraja la tatu, wanaoshwa, wanalala. Wewe mwenye machinjio, mwili mnene hivi, manyoya yanang'aa hivi, unasimama juani. Wewe ungepata daraja la kwanza."

Sikio la Fisi likasimama.

"Daraja la kwanza lina nini?"

"Sijui, bosi, mimi nimekataliwa hata la tatu. Nasikia wanaosha mara mbili. Nasikia ukiwa na mhuri huo hakuna wa kukugusa."

"Na jioni?"

"Si umewaona? Jioni wanatupwa nje, wanakwenda kwao."

Fisi akacheka, kwi-kwi-kwiii. Kesho yake, kabla hata msumeno haujawashwa, akajitundika kwenye kulabu ya kwanza kabisa, karibu na mlango. Tumbusi akaingia, fsss-fsss. Akasimama. Akanusa tena kwa raha.

"Haya ndiyo mafuta! Daraja la kwanza!" Pah! Na mhuri wa pili, pah!

Mama Tindi akamwosha. Akamwosha mara mbili, kichwa mpaka mkia, akampeleka chumba cha baridi. Fisi akakoroma mpaka jioni. Na msumeno siku hiyo haukuwashwa, maana wa kuamuru nani auwashe alikuwa amelala.

Jioni, getini, Tumbusi akampapasa. Mikononi: hakuna jeraha. Vidoleni: viko vyote. Mgongoni: hakuna hata mkwaruzo. Tumboni: laini.

"Miaka yote ya kazi yangu," akasema Tumbusi, "sijapata kuona nyama safi hivi. Pakieni! Mezani kwa Mfalme!"

"Ngoja!" Fisi akapiga kelele. "Nitupe nje! Mimi ndiye bosi!"

"Nyama ya siku hizi ina maneno," akasema Tumbusi. "Pakieni."

"Mimi ni bosi! Muulize Mama Tindi!"

Tumbusi akageuka. "Mama, unaijua hii nyama?"

Tindi alikuwa amelala begani, anapumua. Mama Tindi akasema, "Mimi sina mhuri, daktari. Mambo ya daraja la kwanza sitayajua."

Mkokoteni ukaondoka, kwichi-kwichi-kwichi.

Kwa Simba, Fisi akawekwa mezani. Simba hakutazama, mtu mkubwa hatazami sahani, akauma nyuma, ngau! Fisi akaruka, yowe! Simba akatema, "Ptuu! Fisi! Nani kaniletea fisi?" Fisi akakimbia, nyuma imeshuka, miguu ya nyuma mifupi, ndiyo hiyo anayotembea nayo mpaka leo.

Lakini hakukimbilia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja barazani, analia machozi.

"Waheshimiwa! Nimeumizwa kazini! Hivi hakuna sheria ya kumlinda anayefanya kazi machinjioni?"

"Kha!" wakasema wote. "Bosi mzima kaumizwa? Iko wapi ile sheria? Kobe yuko wapi?"

Na Kobe, ambaye alikuwa njiani tangu masika, akafika anakimbia. Nasema anakimbia! Ikasomwa mara ya kwanza, ikasomwa mara ya pili, ikapita, jua halijazama. Msumeno uwekewe kinga. Kila mfanyakazi apewe glavu na buti. Maji safi. Mapumziko. Aliyeumia atibiwe. Mama mwenye mtoto asisimame kwenye msumeno.

Mama Tindi na Kicheche walikuwa wamesimama nyuma kabisa, kwenye vumbi, wanasikiliza.

"Ndiyo niliyoomba," akasema Mama Tindi. "Neno kwa neno."

"Ndiyo hiyo, dada."

"Sasa mbona inaanza kwa kusema, 'Sheria hii ni kwa ajili ya Bwana Fisi na wengineo'?"

Kicheche akafikiri, akajikuna kwa mkono usio na vidole.

"Wengineo ni sisi, dada."

"Una hakika?"

"Wengine ni akina nani tena?"

Mama Tindi hakujua acheke au alie, akafanya vyote viwili. Halafu akamfungua Tindi mgongoni, akamweka chini, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, akamwacha arushe mikono atakavyo.

Basi watoto wazuri, funzo ni hili: mtiini bosi. Msining'inie kwenye kulabu. Msiulize maswali barazani. Mkitaka sheria, kaeni kimya mmsubiri Kobe, atafika tu. Hilo ndilo funzo la hadithi hii.

"Lakini mama, si..."

Nimesema ndilo funzo! Najua halifanani, limepimwa kwa hadithi nyingine likaletwa kwenye hii, mimi nifanyeje. Hadithi nimeichuna, nyama mmekula, ngozi naikunja, anayeitaka kesho aje aiombe kwa mwenye kisu.

"Mwenye kisu ni nani?"

Nyamazeni. Mtu akiwauliza asubuhi nilikuwa nasimulia nini, mtasemaje?

"Tulikuwa tumelala!"

Na mimi nilikuwa nimelala. Nimewaambia ninyi tu, Mungu anaona, na simwambii mtu mwingine tena.